Maksai Sita na Gari la Silinda Nane

Mimi nilitaka usukani. Wengine nyumbani walitaka gari. Mimi nilitaka kukaa nyuma ya usukani wake, watu wa njia ya Bariadi hadi Lamadi wanione nimekaa pale na miwani usoni, mwanangu amefungwa mkanda nyuma yangu. Nasema hivi wazi kwa sababu baadaye kuna waliosema nilikuwa napigania familia. Sikuwa napigania familia. Nilikuwa najipigania mimi.

Misimu minne ya pamba niliendesha pikapu ya baba, ile ambayo mlango wa dereva unafungwa kwa kamba. Natoka kwetu Sola nimepakia mpaka juu, nafika jineri, kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi, nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Niliiendesha na mimba, tumbo linagusa usukani. Niliiendesha na mtoto mchanga, namnyonyesha kwenye foleni ya mzani huku wanaume wanaangalia pembeni. Hakuna hata mmoja aliyesema mwanamke haendeshi.

Halafu nyumba moja ya wageni ya Lamadi ikamwambia baba kwamba inatafuta gari la heshima la kukodi, la kuwaingiza watalii Serengeti bila kuwavunja viuno. Baba akauza ng'ombe. Jioni ileile, ugali bado unatoa moshi, kaka yangu mkubwa akajipa kazi ya udereva.

"Gari la kifahari halitaki mama anayenyonyesha," alisema huku anatafuna. "Wageni wakisikia mtoto analia watadhani wamepanda gari la kliniki."

"Na pikapu ulikuwa unaniachia kwa nini?"

"Pikapu ni pikapu, mayu."

Mayu kwetu ni mama, na mwanamke ukitaka kumwita kwa heshima unamwita hivyo. Kaka hulitumia neno hilo kama mtu anayekupigapiga kichwani. Nilichukua bakuli la mchuzi nikaliweka mbali na mkono wake, na mpaka chakula kinaisha hakulifikia.

Baba ndiye aliyemaliza ugomvi, au aliuanzisha vizuri. Alinawa mikono, akasema, "Atakayelijua gari ndiye atakayeliendesha." Basi. Usiku ule sikulala kwa furaha na hasira, sijui kipi kilizidi.

Dalali alikuwa mtu wa Mwanza. Akapiga simu kwamba anayo magari mawili ya aina moja, yote makubwa, yote ya viti vya ngozi, yote meupe. Moja lina injini ya silinda nane, lile linaloitwa Vieiti. Lingine ni toleo jipya zaidi, silinda sita. Bei zimekaribiana, tuchague.

"Silinda ndiyo nini hasa?" baba aliniuliza.

Nimemaliza kidato cha nne, fizikia niliipenda, na mafundi wa pikapu wamenifundisha mengine kwa matusi. Ningeweza kumweleza vizuri. Lakini nilitaka kuonekana mjanja, nikasema, "Baba, chukulia ni maksai. Ndani ya injini kuna maksai wamefungwa nira. Gari moja lina sita, lingine lina nane."

Pale ndipo nilipoharibu. Mtu aliyelima udongo wa mbuga maisha yake yote, ule mweusi unaoshika jembe kama gundi, ukimwambia jozi tatu au jozi nne, jibu anakuwa nalo kabla hujafunga mdomo.

"Nane," alisema.

"Subiri kwanza baba. Wale sita ni vijana. Tena wana tabo."

"Tabo ni nini?"

"Ni kitu kinawapulizia hewa, wanapata nguvu."

"Maksai hapuliziwi," baba alisema. "Anachapwa."

Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Sita ni gari la kina mama wa mjini, la kwendea saluni. Kiongozi akija Bariadi anakuja na nini? Vieiti! Unaisikia kabla hujaiona."

Sasa niseme ambalo sikumwambia mtu: roho yangu mimi mwenyewe ilikuwa kwenye nane. Nimekaa kwenye vibanda vya chai Bariadi mara ngapi, msafara unapita, vijiko vinatetemeka kwenye vikombe, nami moyo unanidunda kama nimeitwa jina langu. Lakini kaka alikuwa ameshaikamata nane. Tukisimama wawili upande mmoja, usukani utakwenda kwa mwenye ndevu. Kwa hiyo nikasema sita. Kwa wiki nzima nikaitetea sita kwa sauti ya juu, naosha vyombo naitetea, nachambua mchicha naitetea, na usiku naota mlio wa nane.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana kila kitu kilikuja kukaa juu yake. Kwetu ng'ombe hanunuliwi mnadani ikaisha. Analetwa nyumbani kwanza. Anaonekana akila, anafungwa jembe, anatembezwa. Halafu kila atakayemshika anasimama mbele ya baba na kutaja kasoro yake. Huyu anarusha teke akiguswa kushoto. Huyu ni mvivu jua likipanda. Ukisema hana kasoro, baba anakuondoa, maana wewe ama ni kipofu ama umepewa kitu. Na ng'ombe ambaye watu wote wameshindwa kumwona kasoro anarudishwa kwa mwenyewe. Baba husema kasoro yake ipo, imejificha tu, inasubiri mmeshamlipia. Nimeishi na utaratibu huo tangu sijaota meno ya pili. Siku ya kuyakagua magari niliusahau nusu yake, kwa sababu nilidhani gari ni gari.

Wiki ilipoisha, asubuhi tuliwakuta, magari na dalali, mbele ya gesti moja Bariadi. Dalali alikuwa na viatu vilivyochongoka mbele na simu mbili. "Mwangaluka," baba akamsalimu kwa Kisukuma, na dalali akajibu kwa Kiswahili cha haraka. Baba hakumjali tena. Alilizunguka gari la kwanza, akachuchumaa kutazama chini kama anavyotazama kwato, akagonga tairi kwa fimbo, akapapasa boneti. La pili hivyohivyo.

"Mzee wangu, Vieiti ni Vieiti," dalali alisema, kisha akanigeukia na tabasamu. "Na wewe mama, hili la sita litakufaa. Laini. Halina fujo."

"Nani kakwambia mimi sina fujo?"

Akawasha la nane. Wasomaji wangu, nisameheni. Ule mlio hauanzii masikioni. Unaanzia tumboni, chini, kama fahali anayeunguruma akiwa bado ndani ya zizi na hana haraka. Mwanangu alikuwa mgongoni, miezi kumi. Alinyamaza, halafu akaanza kucheka na kunipiga mabega kwa viganja. Nikajifanya nafunga vizuri khanga ili watu wasione uso wangu.

Baba akasema magari yote mawili yanakwenda Sola.

"Mzee, gari halipelekwi nyumbani kuonekana," dalali alisema. "Gari linaonekana hapahapa, tunaandikishana."

"Basi rudi nayo Mwanza."

Dalali alipangusa shingo kwa leso. Tukajaza matangi yote mawili mpaka juu, baba akasimamia mwenyewe, na tukaondoka. Kaka na dalali kwenye nane. Mimi, baba na mtoto kwenye sita.

Lami ya kwenda Maswa ilikuwa tupu. Lile la sita lilikuwa kimya mpaka mwanzoni nikadhani limezimika. Nikakanyaga. Kulikuwa na pumzi moja fupi, kama mtu anavuta hewa kabla ya kupiga mbizi, halafu kiti kikanisukuma mgongoni na miti ikaanza kukimbia. Kaka alikuwa mbele anatamba. Kwenye mlima nikamfikia. Nikampita. Sikupiga honi, sikumwangalia, nilinyoosha tu mkono dirishani kama mke wa kiongozi.

"Hao sita," baba alisema, ameshika fimbo katikati ya magoti, "wamekula nini?"

"Nimekwambia baba! Wanapuliziwa!"

Nilikuwa nacheka peke yangu. Sijawahi kuendesha kitu kinachonitii namna ile. Pikapu unaiomba, unaibembeleza, unaitukana. Hili unafikiria tu, limeshafanya. Mshale wa mafuta nao ulikuwa umekaa palepale kama umepigwa msumari. Na bado, Mungu ananiona, nilifungua kioo ili nisikie mlio wa kaka akija nyuma.

Tuliacha lami tukashika njia ya vumbi, ambayo siku ile haikuwa na vumbi, mvua ilikuwa imenyesha. Kabla ya nyumbani kuna bonde la mbuga. Mimi hufika pale nikasimama, nikashuka, nikakanyaga udongo kwa mguu. Nilikuwa nashuka kaka alipotupita kwa kasi.

"Nane hazisimami!" alipiga kelele dirishani.

Zilisimama. Pua ya gari ilizama kwanza, uzito ule wa injini ukaenda chini, na kaka badala ya kuacha akaongeza mafuta. Mlio mzuri ajabu. Tope lilipanda juu kama kunguru wametimuliwa. Alipoacha kukanyaga, boneti ilikuwa imekaa kwenye udongo kama ng'ombe aliyepiga magoti kunywa maji. Dalali alishuka na vile viatu vyake. Mguu mmoja ulitoka bila kiatu.

Mimi nikaweka gia nzito, nikapita ukingoni penye nyasi, polepole, nikatokea ng'ambo. Kina mama waliokuwa wanapalilia pamba pembeni waliacha majembe.

"Ngosha!" mmoja alimwita kaka. Ngosha ni mwanamume, na ukitaka kumcheka mwanamume ndilo neno lenyewe. "Ngosha, si useme lipige magoti vizuri, tuombe wote!"

Baba alitembea mpaka nyumbani kwa miguu, akarudi na maksai wake, jozi tatu, nira na mnyororo. Alifunga mwenyewe. Akawaita kwa majina yao, akapiga mluzi, na maksai sita wakainamisha vichwa. Gari likaguna, likanyanyuka, likatoka.

"Wahesabu hao, ngosha!" mama yuleyule akapiga kelele. "Wako wangapi?"

"Sita!" wenzake wakaitikia, na vigelegele juu.

Kaka alikuwa ametapakaa tope hadi masikioni.

"Sasa wewe mayu," baba aliniambia, "kaa kule." Akanyooshea fimbo lile la nane. "Rudi mpaka lami, halafu unilete nyumbani. Kwa njia hiihii."

Nilikaa. Usukani ulikuwa na tope la mkono wa kaka. Nikawasha, na mlio ukanipanda kuanzia kwenye nyayo. Nilipita ukingoni nilikopita na lile la sita, na hapo ndipo nilipolijua: ukingoni hapohapo, polepole ileile, pua ilishuka. Ilishuka kidogo, nikaiona inataka kwenda chini, nikaishikilia kwa mguu mpaka ikatoka. Kosa la kaka lilikuwa lake, lakini gari nalo lilikuwa na la kwake. Kwenye lami nikaliachia. Hapo sina la kuandika. Nilipiga kelele, mtoto akapiga kelele, baba akashika kofia ingawa vioo vilikuwa vimefungwa. Lakini macho yangu yaliendelea kushuka kwenye mshale wa mafuta. Ulikuwa unalala. Mara ya kwanza nikajidanganya ni kwa sababu gari limeinama. Barabara ilikuwa tambarare.

Mchana tulikaa kwenye lango la zizi, mama yangu akaleta maziwa mgando na michembe ya viazi vilivyokaushwa, na magari mawili yakasimama mbele yetu, moja safi, moja jeusi kwa tope. Baba akakaa kwenye kigoda.

"Haya," alimwambia kaka. "Nane ina kasoro gani?"

"Vieiti? Haina kasoro."

"Kaa."

Kaka alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Tayari ameshaondolewa.

"Wewe mayu. Nane."

Nilisimama. Kasoro za lile gari zilinitoka kama matusi, maana nilikuwa nalipenda na nilikuwa na hasira nalo. "Pua ni nzito. Kwenye mbuga litapiga magoti hata likiendeshwa na malaika. Linakunywa kama limetoka kwenye ukame, kutoka hapa hadi Lamadi utakuwa unaangalia mshale kuliko barabara. Mlimani lina maneno mengi, mwendo mdogo. Na baba, kelele yake itafukuza wanyama ambao wageni wamekuja kuwaangalia!"

Mama alipiga makofi. Kaka alikuwa anatafuna mchembe kwa hasira.

"Na sita?"

Nilikuwa nimeshashinda. Nilijiona nimeshashika ufunguo. Nikasema ukweli, kwa kiburi, kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani: "Sita sijaiona kasoro."

Baba akamgeukia kaka. Kaka akasema, "Halina mlio." Baba akatikisa kichwa, hiyo si kasoro. Akamgeukia dalali. Dalali, kiatu kimoja mkononi, akaapa kwamba magari yake hayana kasoro, hili wala lile.

"Hata mmoja hajaiona," baba alisema, akainuka. "Rudi nalo hilo la sita. Tunachukua nane."

Nilimzibia njia. "Baba! Hapana! Hilo ni kosa!"

"Kosa liko wapi?"

"Sita ndilo zuri! Umeliona mlimani! Umeliona mbugani!"

"Nimeliona. Na wewe umelikagua siku nzima hujaona kitu. Siku likinionyesha kilichojificha, litakuwa limebeba wageni katikati ya simba. Hili jeusi najua litanifanyia nini, umenitajia mwenyewe moja baada ya jingine."

"Gari si ng'ombe, baba!"

"Wewe ndiye uliyeniambia ni maksai."

Wazo lilinijia: nidanganye. Niseme kumbe sita linavuta kushoto, breki zina kelele, chochote, na baba atalichukua, na atakuwa amechukua lililo bora. Uongo mdogo mmoja. Nilimtazama mzee wangu amesimama pale na fimbo yake, ananingoja, ananiamini kama anavyoyaamini macho yake. Nikashindwa. Na tusidanganyane, sehemu nyingine ndani yangu, ile ya kwenye vibanda vya chai, ilikuwa inarukaruka kama mwendawazimu. Nane! Nane!

Baba akanyoosha mkono, dalali akampa ufunguo. Hakumtazama kaka hata kidogo.

"Aliyelitaja kasoro ndiye atakayelichunga," alisema, akaniwekea kiganjani.

Niliupokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, na wakati huohuo nilikuwa bado nafoka. Nilifoka mpaka nafungua mlango. Nilifoka namfunga mtoto mkanda. Nilimwambia baba kwamba mvua kubwa zikija atauza fimbo anunue mnyororo mwingine, na akajibu mnyororo anao. Nikawasha.

Ng'ombe wote zizini wakainua vichwa. Mwanangu nyuma yangu akajaza mashavu na kutoa mlio wake, vuuu, mate yakamtiririka. Nikasahau nilikuwa nafokea nini. Kitu kikubwa, kizito, kilevi, chenye pua ya kuzama, na mimi peke yangu katika ukoo mzima najua kinaanguka wapi.

Kioo kikagongwa. Kaka. Ameshanawa uso tu, shingo bado nyeusi.

"Dada," alisema. Siku ile hakusema mayu. "Unapita Maswa?"

"Napita."

"Nipeleke basi."

Nilimwacha asimame kidogo, injini inanguruma kati yetu.

"Panda nyuma, ukae na mtoto," nikamwambia. "Akilia, umbembeleze. Sitaki wageni wadhani ni gari la kliniki."

Akapanda. Kwenye bonde la mbuga nilisimama, nikashuka, nikakanyaga udongo kwa mguu.